Kubadilisha bomba la shaba la kutolea maji kwenye boti ndogo, na kukunja mdomo wake

Bomba la shaba linalotumika kutolea maji katika boti ndogo ya faiba ni kipande kifupi, aghalabu kisichozidi urefu wa kiganja, kilichopita katikati ya ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Ncha zake mbili zimekunjwa kwenda nje kama mdomo wa tarumbeta, mmoja ukikaa ndani ya boti na mwingine upande wa bahari, na nguruzi, yaani kizibo cha tundu hilo, huingizwa humo kila boti inaposhuka majini. Wenye boti wengi hulitazama bomba hilo siku nguruzi inapokataa kukaza tu, na siku hiyo kwa kawaida huwa wamechelewa, kwa sababu mbao zilizolizunguka huanza kuoza mapema kuliko bomba lenyewe kuonekana bovu.

Katika dau au mashua, tundu la kutolea maji limetobolewa kwenye ubao mtupu na nguruzi yake ni kipande cha mti. Mti ukilowa huvimba, tundu likakibana kizibo, na chombo kikajifunga chenyewe. Kalafati, yaani pamba inayozibia mianya ya mbao, nayo hutegemea tabia hiyo hiyo. Boti ya faiba haina uvumilivu wa namna hiyo. Ubao wake wa tezi ni plaiwudi iliyofungiwa katikati ya maganda mawili ya faiba, na plaiwudi hiyo ikilowa huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia, hubandua faiba, kisha huoza gizani bila mtu kuona. Baada ya miaka michache mashine huanza kuyumba juu ya ubao uliogeuka tope.

Boti iliyoyafanya mabomba haya yajulikane sana ni Boston Whaler ya Marekani, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1958. Mwanzilishi wake, Dick Fisher, alijaza povu gumu la poliyurethani katikati ya maganda mawili ya faiba ili boti isizame, na mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha zake akiwa ameketi katika boti hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, kila kipande kikiendelea kuelea. Ubora huo una upande wake mgumu: maji yakishapenya kando ya bomba na kuingia kwenye nafasi ya povu, hayana njia ya kutokea, nawe huna njia ya kuyafikia bila kuvunja ganda. Kwa sababu hiyo wenye boti hizo wamejifunza kubadilisha mabomba mapema, na utaratibu wao unafaa kwa boti yoyote ya faiba yenye plaiwudi au povu ndani, zikiwemo zile zinazotengenezwa katika pwani yetu.

Kabla ya kushika kifaa chochote, naomba msomaji alishike jambo moja, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Mdomo uliokunjwa hauzuii maji. Kazi yake ni kulishikilia bomba lisitoke na kuibana oringi, ile pete ya mpira inayokaa chini ya mdomo. Kinachoyazuia maji yasifike kwenye mbao ni kuta za tundu zilizofunikwa kwa epoksi, yaani rezini inayoganda ikawa ngumu, zikisaidiwa na gundi ya kuzibia. Fundi anayekunja mdomo vizuri juu ya tundu lililoachwa mbao tupu amefanya kazi nzuri kwa macho, na plaiwudi itaendelea kuoza chini ya shaba inayong'aa.

Kulitambua bomba lililokwisha

Ukijani pekee haupaswi kukutisha. Shaba yoyote iliyokaa kwenye chumvi hufanya kijani, na ukiisugua kwa msasa laini ukaikuta njano safi chini yake, bado ina uhai. Rangi ya kuogopa ni ya waridi. Shaba ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na katika mabomba ya aina hii zinki mara nyingi hukaribia theluthi moja. Maji ya bahari huila zinki peke yake na kuacha shaba nyekundu iliyojaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bomba lililofikia hali hiyo hubaki na umbo lake lote, ila ukilibonyeza kwa ncha ya bisibisi linamong'onyoka kama biskuti kavu.

Dalili ya pili ni nyufa kwenye mdomo, hasa zile zinazoanzia ukingoni na kuelekea katikati ya bomba. Shaba iliyokunjwa ikiwa ngumu hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo ukikutana na unyevu pamoja na amonia, shaba hupasuka yenyewe bila kugongwa na kitu. Jeshi la Uingereza nchini India liliyaona hayo katika karne ya 19, pale maganda ya risasi yalipokuwa yakipasuka ghalani wakati wa msimu wa mvua. Sababu yake ilikuja kueleweka kuwa ni amonia iliyotokana na mkojo wa farasi, kwa vile risasi zilihifadhiwa katika mabanda yao. Boti ya uvuvi ina vyanzo vyake vya amonia: matumbo ya samaki yaliyosahauliwa kwenye ngama, yaani sehemu ya chini ya boti panapokusanyika maji, chambo kilichooza, kinyesi cha ndege, na baadhi ya sabuni za maji za kusafishia sakafu na vioo. Osha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, sehemu ya bomba kila unaporudi kutoka kuvua, na usitumie kabisa sabuni yenye amonia karibu nalo.

Kisha lijaribu bomba kwa vidole. Likizunguka, gundi yake imeachia. Pandisha boti pwani, toa nguruzi, subiri maji ya ndani yaishe, halafu kausha mdomo kwa kitambaa na urudi baada ya saa chache. Ukikuta tone la maji ya rangi ya chai likitoka pembeni mwa bomba, si katikati yake, ubao umekwisha kunywa. Mwisho gonga ubao wa tezi kwa mpini wa bisibisi, ukianzia mbali na bomba na kulisogelea taratibu: ubao mzima hujibu kwa sauti kali na fupi, na ubao uliooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa.

Vifaa na vipimo

Bomba huuzwa kwa kipimo cha nje, na katika boti nyingi ndogo kipimo hicho ni inchi 1, yaani milimita 25.4. Nguruzi hufuata kipimo cha ndani, kwa hiyo nenda dukani na nguruzi yako mkononi. Chagua bomba ambalo unene wa ukuta wake ni karibu milimita 0.8 na ambalo mdomo mmoja umekwisha kukunjwa kiwandani. Bomba la kazi ya maji ya nyumbani lenye ukuta wa milimita 1.5 linaweza kuonekana bora kwa unene wake, lakini kulikunja likiwa ndani ya boti ni kazi ambayo mkono hauiwezi bila kuumiza faiba. Boti ikiwa ya alumini, acha shaba kabisa: madini hayo mawili yakikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo itakayoliwa.

Utahitaji pia oringi mbili za ukubwa wa bomba, epoksi yenye viambato viwili pamoja na unga wa kuifanya nzito, gundi ya kuzibia ya baharini, asetoni, teipu ya karatasi, tupa, msumeno wa chuma, msasa, drili, bisibisi, plaizi na moto wa gesi kama ule wa mafundi wa majokofu. Gundi iwe ya poliyurethani au polisulfaidi inayoruhusiwa kutumika chini ya mstari wa maji, na isiwe ile ya kushika milele. Kwa mfano, 3M 4200 hushika kwa nguvu ya wastani na kuachia unapotaka kulitoa bomba miaka ijayo, ilhali 5200 ya kampuni hiyo hiyo hushika mpaka ikabandua jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa la faiba. Silikoni ya madirishani naiweka mbali na boti yangu, nami naomba msomaji afanye vivyo hivyo, kwani mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika mahali hapo.

Cha mwisho ni kifaa cha kukunjia. Fundi majokofu anacho cha kwake, lakini hicho hulishika bomba kutoka nje, jambo lisilowezekana bomba likiwa tayari limeingia kwenye ubao, na tundu lake kubwa kwa kawaida halifiki inchi moja. Kinachofaa hapa ni vichwa viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa bolti ndefu inayopita katikati ya bomba: kimoja huukumbatia mdomo wa kiwandani, kingine hupanua ncha iliyo wazi, na nati ikikazwa vichwa huvutana. Ukikikosa, kitengeneze. Mchongaji mwenye mashine ya kukerezea atakutolea koni ya mpingo yenye mteremko wa nyuzi 45, iliyotobolewa katikati kwa ajili ya bolti ya milimita 10, pamoja na kigingi kifupi chenye bega la mviringo cha kumalizia mkunjo. Mpingo ni mgumu wa kutosha kupanua shaba iliyolainishwa, nao hauikwaruzi.

Kulitoa bomba la zamani

Anzia upande wa ndani ya boti, ambako mkwaruzo mdogo hauonekani. Zungushia teipu ya karatasi tabaka mbili, kisha kata mdomo kwa tupa hadi ubaki usawa wa faiba. Usiharakishe kwa nyundo na tindo, kwa kuwa pigo moja linalopita pembeni hupasua jelikoti, na ufa wa jelikoti nao ni mlango wa maji. Mdomo ukishaondoka, ingiza ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya bomba, ukiushika kwa mkono uliovaa glavu, na ulikate bomba kwa urefu wake taratibu mpaka ukaribie kutokea upande wa pili. Kata mistari miwili inayoachana kwa upana wa kidole. Kipande kilicho katikati ya mistari hiyo hukunjwa kuelekea ndani kwa plaizi, bomba likasinyaa, na sehemu iliyobaki husukumwa nje kwa kipande cha mti wa duara.

Bomba lililoshikwa na gundi kali huwashawishi watu kulichoma moto. Usithubutu. Povu la poliyurethani likiungua hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo saianidi, na boti iliyobeba mafuta ya petroli haina nafasi ya kuchezewa na moto. Rudi kwenye msumeno, ongeza mstari wa tatu wa kukata, na uvumilie.

Tundu ndilo kazi yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote, hata kama hiyo itamaanisha boti kukaa nchi kavu kwa wiki mbili. Tazama ndani ya tundu kwa tochi. Choma plaiwudi kwa ncha ya bisibisi pande zote, juu, chini na ubavuni. Mara nyingi utakuta upande wa chini umelainika na wa juu ungali mzima, kwa kuwa maji huteremka. Mbao nzima hukataa ncha ya bisibisi. Iliyooza huipokea bila ubishi na hutoa harufu ya uyoga.

Mbao zikiwa zimelowa tu bila kuoza, zikaushe. Feni ndogo ikielekezwa kwenye tundu usiku na mchana hufanya kazi kubwa katika siku za kiangazi, lakini kipindi cha masika usitegemee hewa peke yake: weka turubai juu ya boti na taa ya joto la wastani mbali kidogo na tundu. Epoksi ikipakwa juu ya mbao zenye unyevu hushika ngozi ya juu tu, na ngozi hiyo hubanduka. Kuna kipimo rahisi cha ukavu. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya tundu kwa teipu jioni, upande wa ndani na wa nje. Ukikikuta asubuhi kina matone ya jasho, endelea kukausha.

Mbao zilizooza hazikaushwi, zinatolewa. Chimba kwa msumari uliopindwa ncha, au kwa kipande cha waya mgumu kilichofungwa kwenye drili inayozunguka polepole, mpaka ufikie mbao ngumu kila upande. Katika boti ya povu, toa povu kuzunguka tundu kwa kina cha milimita 5 hadi 10. Ukiona uozo unakwenda mbali kuliko ncha ya kidole inavyofika, simamisha kazi ya bomba, kwa sababu hiyo ni kazi nyingine kabisa ya kubadilisha ubao wa tezi, na kufunika uozo huo kwa epoksi ni kujidanganya kwa gharama.

Nafasi iliyochimbwa hujazwa hivi. Kwanza funga mdomo wa nje wa tundu kwa teipu imara. Changanya epoksi kidogo isiyo na unga, uipake kwa brashi kwenye mbao zote mpaka ziache kuinyonya, hasa zile ncha za nyuzi za plaiwudi ambazo hunywa kama sifongo. Kisha changanya epoksi nyingine na unga mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, uijaze kwenye nafasi yote hadi tundu lipotee kabisa. Katika joto la nyuzi 30 epoksi hukimbia: mchanganyiko mwingi uliokaa ndani ya kikopo huchemka wenyewe na kuganda kabla hujamaliza, kwa hiyo changanya kiasi kidogo kidogo na uumwage kwenye sahani pana ili joto litoke. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo kwa usahihi, kwani kuongeza kigandishi hakuharakishi chochote. Kunaacha epoksi laini isiyokauka milele. Usitumie rezini ya poliesta, ile ya kawaida ya kutengenezea faiba, kwa kuwa haishiki mbao kwa nguvu inayofikia ya epoksi.

Subiri siku nzima. Osha uso kwa maji na kitambaa ili kuondoa utando wa nta unaojitokeza juu ya epoksi nyingi, kisha toboa tundu jipya katikati ya kile kizibo cha epoksi, likiwa kubwa kuliko bomba kwa karibu milimita 1 ili gundi ipate mahali pa kukaa. Anza kwa tundu dogo la mwongozo linalopita pande zote mbili, halafu toboa nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje kwa msumeno wa duara wa drili, ili faiba isichanike upande wa kutokea. Angalia pia mteremko. Tundu likiinama kidogo kuelekea nje, boti itamaliza maji yake yote. Likiinama kuelekea ndani, kikombe kimoja cha maji kitalala pale daima. Ukuta wa tundu sasa ni epoksi tupu kutoka ganda hadi ganda, na hata siku gundi itakapozeeka, maji hayatakutana na mbao.

Urefu, na moto wa kulainisha shaba

Livishe bomba oringi chini ya mdomo wa kiwandani, uliingize likiwa kavu, bila gundi, mdomo huo ukiwa upande wa nje wa boti, na msaidizi alisukume kwa nguvu ili oringi ibonyee. Upande wa ndani vesha oringi ya pili, uibonyeze, na uweke alama kwenye bomba milimita 3 juu yake. Hapo ndipo pa kukata. Kwa oringi ya kawaida hiyo ni karibu milimita 5 kutoka kwenye uso wa faiba. Ukiacha kidogo kuliko hapo, mdomo hautakuwa na kitu cha kushikia. Ukiacha kingi, shaba italazimika kutanuka kupita uwezo wake.

Uwezo huo unaweza kuhesabiwa. Bomba la milimita 25.4 likikunjwa hadi mdomo wake ufikie milimita 31, ukingo umetanuka kwa asilimia 22. Shaba ya njano iliyolainishwa hutanuka maradufu ya hapo na zaidi bila kuchanika, lakini shaba ngumu iliyotoka kuvutwa kiwandani inaweza kupasuka kabla ya kufikia asilimia 10. Midomo mingi iliyochanika niliyoiona ilichanika kwa sababu hii, wala mkono wa fundi haukuwa na kosa.

Kata kwa msumeno wenye meno madogo, sawazisha ncha kwa tupa, kisha ondoa makali ya ndani na ya nje kwa msasa hadi ncha iwe laini kwa kidole. Kila mkwaruzo ulioachwa ukingoni ni mwanzo wa ufa. Lipeleke bomba mbali na boti, lishike kwa plaizi, na utembeze moto wa gesi kuzunguka milimita 12 za mwisho tu. Fanya hivyo kivulini, kwa sababu juani hutaiona rangi. Shaba itapita kwenye rangi za upinde wa mvua, itafifia, kisha itaanza kuonyesha wekundu hafifu sana kama kaa linalokaribia kuzima. Ondoa moto hapo hapo. Ukiendelea hadi wekundu ung'ae, chembe za shaba hukua na kuidhoofisha, na zinki huanza kutoka kama moshi mweupe usiofaa kuvutwa. Liache lipoe, au lichovye kwenye maji. Tofauti na chuma cha kisu, shaba haigeuki kuwa ngumu kwa kupozwa ghafla. Sugua weusi wote kwa msasa laini.

Kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza, ninashauri anunue bomba lenye urefu wa ziada, akate kipande, akilainishe, na akikunje kwenye kipande cha mbao chenye unene ule ule wa ubao wa tezi. Gharama yake ni ndogo, na mkono unajifunza pale ambapo kosa halina madhara.

Kukunja mdomo

Safisha tundu na bomba kwa asetoni, uache ipepee. Zungushia teipu ya karatasi pande zote mbili, milimita 10 kutoka ukingoni mwa tundu. Paka gundi ndani ya tundu lote, kwenye mwili wa bomba, na chini ya oringi ya nje, kisha liingize bomba huku ukilizungusha ili gundi isiache mapengo ya hewa. Vesha oringi ya ndani juu ya pete ya gundi. Kuanzia hapa una nusu saa hivi ya kufanya kazi kwa utulivu, na kidogo zaidi asubuhi kabla ya jua kupanda.

Pitisha bolti kutoka nje, kichwa chake kikikumbatia mdomo wa kiwandani, na ndani weka koni iliyopakwa grisi kidogo. Kaza nati mpaka koni iguse, hakikisha iko katikati, kisha kaza kwa robo mzunguko na utue. Tazama ukingo pande zote. Robo nyingine, utazame tena. Ukiona upande mmoja unatanuka haraka kuliko mwingine, legeza nati, sogeza koni, na uanze upya kwa upole. Mdomo ukifikia mteremko wa nyuzi 45, toa koni na uweke kigingi chenye bega, ambacho kitaulaza mdomo juu ya oringi. Kaza kwa hatua zile zile hadi uione oringi inabonyea na gundi inachuruzika sawasawa kuzunguka, halafu simama. Nguvu inayoongezwa baada ya hapo huikata oringi au kuibonyeza faiba.

Asiye na bega la kumalizia anaweza kutumia nyundo yenye kichwa cha mviringo, ile ya mafundi wa mabati, akipiga vipigo vyepesi vinavyozunguka mdomo wote huku msaidizi akikandamiza kipande cha mti mgumu kwenye mdomo wa nje. Mdomo hautakuwa laini kama wa kifaa, lakini utashika. Ukitokea ufa mdogo usiofika kwenye oringi, unaweza kuusawazisha kwa tupa na kuendelea. Ukifika kwenye oringi, litoe bomba wakati gundi ingali mbichi na uweke jingine. Ufa huo hautabaki ulivyo.

Futa gundi iliyotoka kwa kidole chenye glavu, ukiacha ukingo mwembamba ulioinama, na uibandue teipu kabla gundi haijaota ngozi.

Kusubiri na kujaribu

Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi, na usiingize nguruzi kabla ya muda huo. Gundi za poliyurethani huganda kwa unyevu wa hewani, hivyo katika pwani yetu hukauka mapema kuliko katika nchi kavu, ila sehemu iliyo katikati ya ubao huwa ya mwisho kukomaa.

Jaribio la kwanza lifanyike nchi kavu. Ingiza nguruzi, mimina maji ndani ya boti mpaka yafunike mdomo wa ndani, na utazame upande wa nje kwa saa nzima ukiwa na kitambaa kikavu. Unyevu ukitokea katikati ya bomba, tatizo ni nguruzi. Ukitokea pembeni, tatizo ni gundi. Kisha toa nguruzi na uhakikishe maji yote yanaondoka bila kubaki dimbwi. Jaribio la pili ni la majini, boti ikiwa imefungwa gatini na mashine ikiwa mahali pake, kwa sababu uzito wa mashine ndio unaoizamisha tezi hadi bomba lifunikwe.

Nguruzi ya mpira inayokazwa kwa kipini isikazwe kwa nguvu zote za mkono. Mpira uliopanuka kupita kiasi hulisukuma bomba kutoka ndani, na mwishowe huitikisa gundi uliyoiweka kwa taabu. Ikiwa nguruzi inadai nguvu kubwa ili ishike, mpira wake umekwisha, nunua mpya.

Boti ikipumzika nchi kavu, toa nguruzi na uinue omo, yaani sehemu ya mbele, kidogo. Mvua ya milimita 10, ambayo katika masika hunyesha kwa muda mfupi, huingiza lita 60 katika boti wazi yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, na lita hizo ni kilo 60 zinazokaa juu ya bomba na mbao usiku kucha. Ifunge nguruzi kwa kamba kwenye kipini cha kuwashia mashine, ili mkono unaokwenda kuwasha uikute kwanza.